Mama Majalada na Kamati ya Mfumo

Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, kati ya rafu zilizogusa dari, mpaka watu wakamzoea kwa jina la Mama Majalada. Mgonjwa akitaja jina tu, mkono wake umeshafika kwenye faili. Na kila faili la mtu anayedhurika na dawa fulani alilichora msalaba mwekundu juu ya jalada. Hakuna aliyemwagiza, aliona tu kwamba madaktari wana haraka, na mwenye haraka hafungui kurasa zote.

Hospitali ilipoamua kuhamia kwenye kompyuta, ikaundwa kamati ya wakuu wa idara na mtaalamu wa mfumo. Mama Majalada aliitwa kikaoni mara moja tu, akapewa kiti karibu na mlango.

"Mtaingiza kurasa za ndani," alisema. "Na alama za juu ya jalada je?"

Mtaalamu akatabasamu. "Mama, hizo ziko awamu ya pili."

"Na wagonjwa nao wataugua awamu ya pili?"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa aibu. Mwenyekiti akaingia kwenye ajenda nyingine. Kwa wiki mbili kurasa za ndani zikaingizwa kwenye kompyuta, mafaili yenyewe yakasagwa mashineni, na yeye akahamishiwa dirisha la kugawa namba za foleni.

Awamu ya pili haikuja. Mwezi wa nne baada ya hapo akaletwa jirani yake, fundi cherehani, kifua kimembana. Mama Majalada alimwona akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akakumbuka msalaba mwekundu wa jalada lake. Akaacha foleni, akakimbia na magoti yake mabovu.

"Daktari, huyo usimchome penisilini!"

Daktari, kijana wa watu, alikuwa ameshamchoma na kutupa sindano. Kwenye skrini, mahali pa tahadhari palikuwa peupe.

Walihangaika naye saa nzima, kisha wakamfunika shuka.

Kamati ilikaa, ikaandika kwamba tatizo hilo halikuwahi kuripotiwa. Mama Majalada akamfuata karani aliyeandika mikutano ya kamati.

"Mwanangu, nilisema. Ulikuwepo."

"Nakumbuka, mama," karani akajibu bila kuinua macho. "Lakini muhtasari ulishapitishwa."

Jumapili akaenda kumpa pole mjane wa fundi. Alikusudia kumweleza yote. Lakini mjane alipomuuliza, "Jirani, wewe ni wa humo ndani, ilikuwaje?" akasema kazi ya Mungu haina makosa. Akaomba beseni, akaanza kuosha vyombo vya waombolezaji.