Ndizi za Kuhesabu

"Madam, hawa watoto wamekunywa uji?"

Swali dogo hivyo, na mimi na digrii yangu nikalijibu vibaya mbele ya darasa zima, aibu ambayo bado hunichoma hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Myanga kuja kufanya mazoezi ya kufundisha nasari hapo Tuwan, Kitale, na bila cheti cha elimu ya chekechea nisingeajiriwa, na cheti chenyewe kilikuwa kimebakisha jambo moja tu, mkufunzi aje anitazame nikifundisha. Wenzangu wote walifundisha hesabu kwa vifuniko vya soda. Mimi nikauliza (nilikuwa nauliza kila kitu), kwa nini mtoto ahesabu takataka? Mwenzangu Everline akacheka: "Ati wewe ndio utabadilisha serikali? Beba vifuniko, bana." Nikabeba ndizi mbivu na njugu za kukaanga, nikapanga duka dogo kwenye kona ya darasa.

Mkufunzi, mama mmoja mpole, akaketi nyuma na faili yake. Nikamwita Wafula aje anunue ndizi moja. Akaichukua, akaimenya, akaiuma.

"Wafula! Hiyo ni ya kuhesabu!"

"Nimehesabu, mwalimu. Ni moja."

Ningecheka hapo, pengine yangeisha, lakini nilijaribu kumnyang'anya, akalia, wengine wakaona duka linafungwa, basi wakalivamia lote, meza ikapinduka, njugu zikatawanyika sakafuni na watoto wakapiga magoti kuziokota, wakitafuna kimya, bila hata kugombana (kimya hicho ndicho kilichonitisha). Ndipo mkufunzi akauliza habari ya uji. Nilichopata kusema ni, "Nitawaadhibu, madam." Akanitazama, akafunga faili.

Nilirudia mazoezi muhula mzima. Tangu hapo sianzi somo kabla ya kuuliza watoto wamekula nini, na sitaanza.

Kwa miaka mingi niliamini ilikuwa njaa ya nyumbani kwao tu. Kisha nikakutana sokoni Kiminini na mama aliyekuwa mpishi wetu pale shuleni, nikamkumbusha siku ile nikidhani atacheka. Hakucheka. Uji, alisema, ulipikwa asubuhi ile kama kawaida, ukafunikwa jikoni; mwalimu mkuu aliagiza usigawiwe hadi mgeni wangu aondoke, watoto wasije wakachafua sare.