Kuni za Mashine ya Picha

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, nilikula biskuti nne nikagombanisha nyumba mbili. Biskuti zenyewe zilikuwa tamu, sitasema uongo tena.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Njombe. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa mtu wa huku juu. Aliolewa kutoka Lupingu, kule ziwani, akapanda na ufundi wa kwao wa kufinyanga vyungu. Alipanda pia na sharti lake: anayetazama vyungu vikiwa motoni lazima awe amechangia kuni. Jicho lililokuja mikono mitupu hupasua chungu. Watu wetu, Walutheri wasiokosa ibada hata Jumapili moja, walimcheka pembeni, lakini siku ya kuchoma kila mmoja alifika na kuni zake kichwani.

Basi akaja Mzungu mmoja kutoka upande wa Makambako, na gari lililosukumwa zaidi kuliko lilivyoendeshwa. Alikuwa akitengeneza sinema fupi fupi za watu wakiishi tu: mtu ananyolewa, mtu anaezeka nyumba, mama anasaga ulezi. Tukamwita Bwana Picha. Wazee walimuuliza kama ni wa serikali, akasema hapana. Wa misheni? Hapana.

"Sasa umetumwa na nani?"

Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba amejituma mwenyewe. Wakamwonea huruma sana, mtu mzima hana hata wa kumtuma. Jioni wakampelekea mahindi.

Alipoomba kupiga picha siku ya kuchoma vyungu, Bibi aliizunguka ile mashine mara mbili.

"Hii ina jicho?"

Bwana Picha akamwonyesha kioo cha mbele.

"Basi nayo ichange. Wewe mzigo wako, na yenyewe mzigo wake."

Hakubisha. Mzigo wake aliubeba mwenyewe, akiutua kila baada ya hatua kumi. Ule wa mashine akanipa mimi, pamoja na biskuti nne za ahsante.

Nilikusudia kuufikisha, Mungu ananiona. Lakini biskuti hailiki vizuri ukiwa na mzigo kichwani. Nikaketi kando ya ghala la mahindi, juu ya kuni zile zile, nikaanza ya kwanza kwa kuilamba ili isiishe upesi. Nilipofika ya nne nikainua kichwa, nikaona moto umeshawashwa, watu wameuzunguka, na mashine tayari inatazama. Nikausukuma mzigo kwa mguu hadi uvunguni mwa ghala, nikapangusa mdomo, nikajiunga na wenzangu.

Haukupita muda, mtungi mkubwa kuliko yote ukapasuka, paa! Ulikuwa wa harusi ya shangazi yangu. Bibi akageuka, macho yamemtoka. Pale ukingoni alikuwa amesimama Mama Yudita, jirani yetu, na kigae mkononi. Alikuja kuomba kaa la moto la jikoni kwake, kama alivyofanya siku zote.

"Kuni zako ziko wapi?" Bibi akamuuliza.

"Mama, mimi nimefuata moto tu."

"Umefuata moto, umetuachia vigae!"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Mama Yudita akaondoka bila kaa, na tangu siku hiyo akaiacha njia inayopita mbele ya nyumba yetu. Akawa anazunguka bondeni na debe la maji kichwani. Kanisani yeye na Bibi walikaa mabenchi ya mbali, wakiimba wimbo mmoja bila kutazamana. Yudita, rafiki yangu wa pekee, akakatazwa kucheza nami. Niliumia sana, na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuogopa kusema.

Baada ya mavuno Bwana Picha akarudi. Alifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi yetu, akatundika shuka jeupe, akawasha jenereta nje, na mchana kweupe tukawa gizani. Mzee aliyenyolewa alipojiona kwenye shuka akajishika kichwa kuhakikisha. Bibi alipojiona akajikaripia, "We mama, inama vizuri!" Kisha moto ukawaka. Kwa nyuma, pembeni kabisa, kulikuwa na mtoto ameketi juu ya kuni, anatafuna.

Nikatamani ardhi inimeze. Mtoto yule akainuka, akasukuma mzigo uvunguni, akapangusa mdomo. Halafu mtungi ukapasuka, safari hii bila sauti.

"Rudisha!" Bibi akapaza sauti.

Mwalimu wetu akatafsiri, Bwana Picha akarudisha. Vigae vikaruka, vikaungana, mtungi ukawa mzima motoni.

"Acha hapo hapo!"

Mwalimu akamwambia haiwezekani, picha ikisimama itaungua na taa. Kwa hiyo ikaendelea kurudi nyuma. Mzigo ukatoka uvunguni wenyewe, mimi nikaukalia, na mbele ya kijiji kizima nikaitoa mdomoni biskuti nzima.

Bibi alisimama, kivuli chake kikajaa shuka.

"Mama Yudita uko wapi?"

"Niko huku, mama."

"Jicho halikuwa lako, lilikuwa la mashine. Nimekuonea, mwanangu."

"Miezi yote hii nazunguka na debe kichwani," Mama Yudita akasema, "kumbe ni kwa ajili ya meno ya huyu?"

Darasa zima likaangua kicheko, Bibi naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Akalishika sikio langu. "Huyu mke mwenzangu," akasema, kwa utani wa mabibi kwa wajukuu, "kesho ana kazi ya kubeba kuni."

Kesho yake nilipeleka mzigo kwa Mama Yudita. Mlangoni pake hakukuwa na wa kucheka.

"Ulikuwa unaniona nikipita bondeni?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakuona, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaupokea mzigo, akaingia ndani.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi. Najua mtungi hupasuka kwa unyevu, au kwa kokoto iliyojificha kwenye udongo, na watu hudhani nitajifariji kwa hilo. Halinifariji. Ule mtungi huenda ulijipasukia wenyewe. Njia ya bondeni nilimpa mimi.