Kuku Mwenye Kamba Mguuni

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, pale Butembo, niliamini kwamba mguu wa mama yangu ulikuwa ndani ya kuku. Sikuwa peke yangu. Mtaa mzima uliamini hivyo, na mashabiki wa timu yetu waliamini kuliko sisi wenye nyumba. Leo nikiwasimulia wanangu wanacheka. Nami nacheka nao, lakini si sana, kwa sababu nakumbuka jioni ile ambayo imani yetu ilikaribia kumwaga damu ya watu.

Mama aliuza maharage sokoni juma zima. Jumapili, misa ikishakwisha, alivaa jezi ya kijani juu ya kitenge na kwenda uwanjani kuwaimbisha mashabiki. Timu yetu sitaitaja jina, wasije walioifunga wakaanza kunitambia upya. Mama alikuwa na sauti ya kuvuka kilima, na Kasereka, kijana mrefu aliyepiga ngoma kubwa, hakuanza kupiga kabla mama hajaanza kuimba. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya kakao huko Mabalako, na barabara ya kumrudisha ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kadiri ya habari za usalama. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama, mimi Masika, na Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

Siku moja timu ilikwenda kucheza Beni na ikashinda. Wakati wa kurudi, mama alisimama nyuma ya lori akiwaimbisha, na mlimani ubao wa nyuma ukafunguka. Alianguka barabarani. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti.

Nilisimuliwa mara nyingi jinsi walivyomrudisha. Walimfunga mguu kwa vijiti vya ngoma na bendera ya timu. Kisha wakaketi chini kwenye lori, safu mbili zikitazamana, wakamlaza mama juu ya mapaja yao, ili mashimo ya barabara yawagonge wao kwanza. Hakuna aliyeimba tena. Kasereka alikishika kichwa cha mama mpaka hospitali.

Hospitali walifanya kazi yao, wakaunyoosha mguu na kuufunga plasta ngumu. Lakini Mukaka hakuridhika na plasta peke yake. Alituma watu Vuhovi wakamleta mzee mmoja aliyejulikana kwa kuunga mifupa. Mzee hakuigusa plasta. Aliomba apewe kuku jike, tukampa tetea wetu wa madoadoa. Akamvunja mguu wa kushoto, mahali palepale ulipovunjika wa mama, akamfunga vijiti na gome la mti. Niliziba masikio, lakini mlio wake niliusikia.

"Siku kuku atakanyaga, na mama atakanyaga," mzee alisema. "Lakini akikufa mbele ya kukanyaga, miye sina maneno tena."

"Na hapana mutu atamukula," Mukaka akaongeza, akinitazama mimi. "Atakufa na uzee yake."

Basi kuku akawa mgonjwa wa pili wa nyumba yetu, na nadhani alitunzwa vizuri kuliko wa kwanza. Mashabiki waligawana zamu. Wengine walichota maji chemchemini, wengine walipasua kuni, wengine walikaa uani kumfukuza mwewe. Kasereka alichukua meza ya mama sokoni. Alivaa jezi na kupima maharage kwa mkono wa kupiga ngoma, yaani alijaza kopo mpaka yakamwagika, na wateja wakampenda sana. Mama aliposikia aliugua upya. Na kila aliyepita njiani aliuliza swali lilelile.

"Mama Masika, kuku iko namna gani leo?"

Siku ya kukata plasta ilifika. Muuguzi wa hospitali, mama mmoja wa Kasai aliyetumwa kufanya kazi kwetu, aliubonyeza mguu hapa na pale akafurahi.

"Mufupa imeshika, mama. Sasa kanyaga."

Mama hakukanyaga. Tulipofika nyumbani alimwita kuku. Mzee alikuwa amekwisha kumwondolea vijiti na kumwachia kipande cha gome tu kama kamba mguuni, lakini kuku alikuwa bado anaruka kwa mguu mmoja na kuukunja ule mwingine tumboni. "Iko bado," mama alisema, akajilaza. Muuguzi alikuja mwenyewe nyumbani akamwambia bila kuficha kwamba mguu usiotumiwa unakauka, na ukikauka hakuna daktari wa kuurudisha. Mama alimshukuru na kumpa maharage. Nilipomwogesha niliona jinsi paja lilivyokuwa limekonda, nikaanza kumchukia kuku yule kwa uvivu wake. Nilimwekea mtama upande wa pili wa ua ili atembee kuufuata. Akaruka na mguu mmoja mpaka pale, akala, akalala.

Hapo ndipo walipokuja watu wa Beni.

Ni lazima nieleze. Baada ya mama kuanguka, maneno yalizagaa kwamba mashabiki wa Beni walituloga kwa hasira ya kufungwa. Kwetu mpira na dawa havijawahi kuachana, hata mtu akienda misa kila asubuhi. Maneno hayo yaliwafikia, yakawaumiza. Kwa hiyo timu yao ilipokuja Butembo kwa mechi ya marudiano, waliamua kwamba mechi ikiisha watapita kumsalimu mgonjwa, ili tuone roho zao ni safi. Walitufunga bao moja, kisha wakaja na ndizi, mchele, mafuta ya mawese, na kuku mweupe aliyefungwa kamba mguuni. Watu wetu waliwapokea kwa adabu, lakini nyuso zilikuwa zimekunjamana. Kufungwa nyumbani halafu umkaribishe aliyekufunga si jambo dogo.

Kati yao alikuwepo Mama Katungu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyewaimbisha wao. Alikataa kupikiwa. Alisema kwenye nyumba ya mgonjwa mgeni hapikiwi, anaingia jikoni mwenyewe. Akajifunga kitenge, akaingia. Mukaka alikuwa amekwisha kumkatia kamba kuku mweupe ili apate kunywa maji kwa raha, kisha akaenda chumbani kukaa na mama na wageni. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele, na kuku wetu amelala jikoni kando ya moto, mahali alipozoea.

Nilipoingia jikoni kuchukua ungo mwingine, maji yalikuwa yanachemka. Chini palikuwa na manyoya ya madoadoa, na kando yake kile kipande cha gome. Kuku mweupe alikuwa mlangoni, anakunywa maji.

"Ile ni kuku ya mama," nilisema.

"Mama gani?" Mama Katungu aliuliza, kisu bado mkononi.

"Mama yangu. Ile ni muguu yake."

Hakunielewa. Lakini msichana wetu mmoja, aliyekuwa akimenya ndizi, alielewa, akapiga ukelele uliofika mpaka barabarani.

Sijawahi kuona watu wakibadilika haraka vile. Waliokuwa wakila karanga pamoja walisimama, kijani upande huu, Beni upande ule. Mtu alisema, "Bamekuja kumaliza kazi yabo." Mwingine akarudia, na mara ya tatu lilikuwa tayari jambo la hakika. Mama Katungu alitoka jikoni.

"Nilitafuta ile yenye iko na kamba mu muguu," alisema. "Kuku yetu ilikuwa na kamba. Ni kamba niliangalia, ndugu zangu."

Kasereka alikwenda akafunga lango la ua, akaliegemea kwa mgongo. Kijana yule aliyekishika kichwa cha mama njia nzima sikumtambua tena. Macho yalikuwa mekundu.

"Hapana mutu atatoka hapa mpaka muzee wa Vuhovi afike."

Pikipiki ikatumwa kumleta mzee. Lori la wageni lilikuwa nje, na dereva wao alianza kupiga honi, kwa sababu jua lilikuwa limeinama, na barabara ya Beni, miaka ile kama miaka hii, si ya kusafiri giza likiingia. Kila mtu uani alijua maana ya kuwachelewesha. Vijana wetu wengine walikuwa wameokota kuni zile walizompasulia mama. Nilikwenda chumbani. Mama alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili.

"Imekuwa baridi," aliniambia. "Gusa."

Niliugusa. Ulikuwa wa kawaida, wenye joto kama mguu wowote. Lakini nilikuwa mtoto, na mama alikuwa amesema ni baridi, basi nikausikia baridi. Mukaka alisali rozari kwa sauti bila kupumzika, na honi ilikuwa inalia nje.

Mzee alipofika, Kasereka alimfungulia yeye peke yake. Aliomba kuonyeshwa manyoya, akayatazama, akachukua kile kipande cha gome akakitia mfukoni. Kisha akasimama karibu na mlango wa chumba cha mama, akamwita Mama Katungu mbele ya wote.

"Ulimukamata namna gani?"

Mama Katungu alitazama lango, akatazama kuni mikononi mwa vijana, akatazama mlango wa chumba.

"Alinisumbua, muzee," alisema. "Alitoka mu cuisine akakimbia. Nilimukimbiza mu parcelle yote, mpaka kule ku migomba. Nilichoka kabisa."

"Alikimbia na muguu gani?"

"Na yote mbili."

Mimi nilikuwa nimekaa uani pale mchana kutwa, na mchele wangu mapajani. Hakuna kuku aliyetoka jikoni, seuze kukimbia ua mzima mpaka migombani. Mzee alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atamwita mwongo. Kisha akasema polepole, "Donc, ni kusema alikanyaga. Kazi yake ilikwisha mbele ya kufa."

Lakini Kasereka hakuondoka langoni. Alisema maneno ni rahisi, na kama kuku kweli alikanyaga, basi na mama akanyage tuone. Vijana wakaitikia. Nilifikiri sasa ndiyo mwisho, kwa sababu nilimjua mama yangu, na nilijua hatasimama.

Tulisikia kitanda kinalia. Mlango ukafunguka, na mama akatokea ameshika mwimo kwa mkono mmoja, kichwa wazi, jasho linamtiririka. Aliutanguliza mguu wa kulia, akangoja. Halafu akaweka ule wa kushoto chini, taratibu sana, na uso wote ukakunjamana. Hakuna aliyethubutu kumshika. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, moja kwa moja hadi alipofika kwa Kasereka, akaweka mkono begani mwake ili asianguke.

"Fungua porte," alimwambia. "Bageni banachelewa."

Kasereka alifungua. Alikuwa analia waziwazi, na kijana aliyekuwa na gogo alilirudisha kwenye kuni kana kwamba alikuwa anapanga tu. Mama Katungu alipopita alimkumbatia mama, kisha akapanda lori. Asubuhi mtu alitupigia simu kwamba walifika salama. Kuku alikuwa bado kwenye sufuria. Mukaka alimzika kwenye migomba, na hakuna aliyemcheka.

Kwa miaka mingi mtaani ilisimuliwa kwamba mzee wa Vuhovi alikuwa na nguvu hata juu ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Mama alinyamaza tu, akatembea, akachechemea kidogo wakati wa baridi, akarudi sokoni kuwapunguzia wateja lile kopo la Kasereka. Nilikuwa mtu mzima, tukichambua maharage mimi na yeye, nilipomwambia kwamba siku ile sikuona kuku yeyote akikimbia.

"Na miye sikuona," alisema. "Kitanda yangu ilikuwa ku dirisha. Kuku ikikimbia mule, ningeiona."

"Sasa ulisimama sababu ya nini?"

Alipuliza maganda kwenye ungo kwanza.

"Nilisikia Kasereka anafunga porte. Ile saa sikuogopa muguu tena. Niliogopa batu betu."

Watu wetu walewale waliomlaza mapajani, waliochota maji na kumfukuzia mwewe, walikuwa tayari kuua kwa ajili ya mguu wake, na yeye peke yake kitandani ndiye aliyelielewa hilo. Upendo wao ulikuwa wa kweli, sijawahi kuutilia shaka, na ndiyo maana unaniogopesha mpaka leo. Mama Katungu sijui kama alidanganya kwa woga au kwa huruma, labda vyote viwili. Najua tu kwamba maneno yake yalimpa mama njia ya kutoka kitandani bila mtu kuaibika, na mama akaipita, ingawa aliamini kabisa kwamba mguu utakatika chini yake.

Timu ya Beni ikija Butembo bado tunakwenda uwanjani, mimi na mama. Yeye anawazomea vizuri tu, kwa sauti yake yote. Mimi nimeshindwa.