Nilimkemea Wajina wa Mama Mkwe Mbele ya Kamera

Makosa ni yangu, na sitamsukumia mtu. Si mume wangu, si watoto, wala si baridi ya Naro Moru.

Mama mkwe wangu alikuwa na ombi moja tu: picha na wajukuu wake, aitundike sebuleni. Watoto wa dada za mume wangu wako ukutani kitambo. Wangu hawakuwako. Mgeni akiuliza, Shosho, ndivyo watoto wanavyomwita nyanya yao, alikuwa anasema, "Hao wataletwa." Jamani, hilo neno lilikuwa linaniuma.

Basi nikatafuta mpiga picha, dada mmoja wa Nanyuki, aje nyumbani kwa Shosho, nikaamua lazima Mlima Kenya uonekane nyuma yetu. Sasa, wewe unajua mlima wetu. Asubuhi uko wazi, ukichelewa kidogo umejifunika mawingu. Kwa hivyo nikawatoa watoto kitandani umande haujakauka, bila uji, ati wasichafue nguo. Nguo zenyewe nyeupe, kola inakwaruza shingo. Sweta nikakataza.

Wangari, wa miaka minne, akasema viatu vinamuuma. Mdogo wake Mwangi akajilaza kwenye nyasi. Na mimi, na akili zangu timamu, nikawaambia, "Huyu dada ni daktari. Asiyetulia atadungwa sindano."

Mwangi akaitazama ile kamera, akapiga nduru mpaka ng'ombe wa jirani wakaitikia. Dada wa watu akainama amwonyeshe ni kitu ya picha tu. Mtoto akajificha ndani ya sketi ya Shosho.

Mawingu yalikuwa yameanza kupanda. Hasira nayo ikanipanda, nikafoka, "Wewe Wangari uko na kichwa ngumu! Kaa hapo na ufunge mdomo!"

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Wangari ni jina la mama yake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na mtu mwenye adabu hampigii mtoto kelele mwenye jina akiwa amesimama hapo.

Shosho akaketi kwenye kiti chake, pole pole. "Nimekaa," akasema. "Mdomo nimefunga. Kuna ingine?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaomba msamaha kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Yeye akamshika mjukuu mkono. "Twende, wajina wangu. Hata mimi niko na njaa."

Wakaenda jikoni, lile la kuni nyuma ya nyumba. Mwangi akawafuata, na mume wangu pia, maana alinusa viazi vitamu. Mimi nikabaki uani na mawingu yangu.

Yule dada akaingia huko, akapewa chai, akamwachia Wangari kamera apige yeye kwanza. Mtoto akapiga picha ya pua ya Shosho. Walivyoiona, nikasikia kicheko mpaka nje. Nilikuwa nimenuna. Niliona nikiingia nitakuwa nimeshindwa.

Nilipoingia mwishowe, dada alikuwa ameshawapiga picha, anafunga mfuko wake, na Mwangi analia ati asiende.

Sasa picha iko ukutani, kubwa kuliko zote. Shosho anacheka mpaka pengo linaonekana. Wangari yuko na sweta iliyotoboka kiwiko, Mwangi mashavu yamejaa viazi, mume wangu ameshika sufuria. Sijawahi kuona picha tamu hivyo, na mimi simo.

Wageni wakiuliza mama ya hawa watoto alikuwa wapi, Shosho ananitazama na kutabasamu. "Alikuwa nje," anawaambia, "anangoja mlima."

Watu wanacheka, nami nacheka, lakini inachoma.

Wazazi wenzangu, msiwatishe watoto na sindano. Wapeni uji kwanza, wavae nguo walizozizoea, washike hiyo kamera. Na ukisikia wameanza kucheka, wacha kununa, ingia hapo katikati yao hata kama nywele hujachana.