Nimehamisha imeili, mahamri yakagoma

Leo nimefanya kazi safi kabisa na ofisi nzima imeninunia.

Duka la vitambaa hapa Eastleigh. Nimetoa imeili zao kwa seva ya ofisini, nikazipeleka klaudi, huko mtandaoni. Hakuna hata moja iliyopotea. Nikazima seva.

Saa nne chai ikaja bila mahamri.

Mama Halima, mpishi wao, akanijia mkono kiunoni. "Fundi, mbona umenizimia joto?"

Kumbe kila asubuhi huweka unga juu ya ile seva ndio uumuke.

Nikamweleza bosi wa duka kuwa klaudi ni salama zaidi. Akaangalia kikombe chake tu.

Baadaye akanitumia imeili, ya kwanza kabisa kwenye mfumo mpya:

"Washa seva."

Imewaka. Unga uko juu.

Mafundi wenzangu, kwenye ripoti niandike seva imestaafu ama imehamia jikoni?