Sakafu Mpya ya Canter ya Alistidia

Alistidia wa Kamachumu alikuwa akisafirisha kahawa ya majirani zake kwa Canter yake hadi kiwandani Bukoba. Siku moja mkaguzi alifungua gunia, akanusa, akalifunga tena. "Hii inanuka oili. Rudisheni." Mzee Rweyemamu, mwenye magunia, akaenda kutafuta gari jingine la kuyarudisha. Hilo lilimuuma Alistidia kuliko tusi.

Mbao za sakafu ya gari zilikuwa zimepakwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini, kama wengi wanavyofanya ili mbao zisioze. Basi akampelekea gari Mwesiga, fundi wa bodi za mbao pale Rwamishenye, abadilishe sakafu yote.

"Nikupakie vanishi?" Mwesiga aliuliza.

"Magunia yakiburutwa itabanduka, maji yaingie chini yake. Nataka mafuta ya mbegu za kitani. Yanazama ndani ya mbao, na yakikauka vizuri hayanuki."

Bukoba hakuyapata. Aliyaagiza Mwanza, akaandika jina lake kwenye debe, akamkabidhi Mwesiga mkononi. Akamweleza: paka kidogo, futa kwa kitambaa, acha yakauke, rudia mara tatu.

Wiki mbili baadaye alifika kuchukua gari. Sakafu ilikuwa nyeusi. Alipitisha kidole, akakinusa. Oili chafu.

"Mafuta yangu yako wapi?"

"Yalichelewa kukauka, Ma Alistidia, nikaona nikusaidie. Kwani sakafu ya gari ni meza ya kulia?"

Mafundi wenzake wakacheka. Mbele ya karakana kulikuwa na kitanda kipya cha kuuza, kinang'aa. Alistidia akakiendea, akanusa ubao wa kichwani: mafuta ya kitani, bado mabichi. Kisha akainama. Debe lenye jina lake lilikuwa chini ya kitanda, tupu.

Alichukua mtaimbo ulioegemezwa ukutani, akapanda kwenye gari, akauchomeka kati ya mbao mbili na kuukandamiza kwa uzito wake wote. Ubao ukang'oka na misumari yake, ukaanguka miguuni mwa Mwesiga.

"Mama, unaharibu kazi!"

"Kazi gani? Leta mbao nyingine. Siondoki hapa."

Mwesiga alileta. Alistidia alilala kwa dada yake, mtaa wa Nshambya, na kila asubuhi alikuwa karakanani kabla ya fundi. Debe la pili aliloagiza Mwanza lilipofika, alipaka mwenyewe, amepiga magoti, akikataa kila aliyetaka kumsaidia. Viganja vilichubuka. Hasira haikupungua, kila ubao ulimkumbusha kile kicheko. Mafuta yalichukua siku tisa kukauka, na siku hizo zote kahawa ya Kamachumu ilibebwa na magari ya watu wengine.

Alipokuwa akiondoka, Mwesiga alimfuata hadi mlangoni mwa gari.

"Nisamehe, mama. Nilidhani hutajua tofauti."

"Ungeniambia umeyaiba ningekasirika kidogo," Alistidia alisema. "Hilo la kudhani sitajua ndilo siwezi kulimeza."

Wiki iliyofuata alipakia kahawa yake mwenyewe kwanza, asije akamtia mwingine hasara. Ikapokelewa. Majirani walirudi mmoja mmoja. Rweyemamu hakurudi msimu ule, na Alistidia hakumlaumu. Ila Mwesiga, mpaka leo, akimpigia simu, Alistidia hapokei.