Mablanketi ya Wageni Yaliyofungiwa Stoo

Saa moja asubuhi, wodi ya wanaume ya hospitali moja ndogo mjini Voi inanuka dawa ya sakafu. Ajiambo, mhudumu wa wodi, anataka kulikunja blanketi la Khaemba ili alianike. Mgonjwa analivuta hadi kidevuni.

"Acha kwanza, dada," anamwambia. "Bado sijashiba joto."

Ajiambo anacheka, anamwacha. Khaemba ni mkata katani kutoka Bungoma, amelazwa kwa nimonia. Mwezi uliopita alikuwa akitetemeka juu ya godoro tupu huku mablanketi ishirini mapya yakiwa yamefungiwa stoo, ng'ambo ya ukuta tu. Mwandishi hajakosea. Ng'ambo ya ukuta.

Hospitali hii haina mablanketi yake. Mgonjwa hujifunika anacholetewa na watu wake. Mtu wa Ronge, kijiji cha mlimani hapo juu, akiugua, mama yake hushuka mlimani na blanketi begani na sufuria mkononi. Lakini mkata katani au mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, nani atamshukia? Ajiambo, mke wa fundi wa reli, anawajua vizuri, maana ni watu wa kwao.

Akina mama wa kanisa moja la Ronge, wakiongozwa na Priscilla, waliiona aibu hiyo walipokuja kuwatazama wagonjwa. Wakauza ndizi na viazi, wakachanga, na mwezi wa pili mwaka huu wa 1956 wakaleta mablanketi. Wakamwambia Obadiah, karani wa stoo, kwamba ni ya wageni.

Neno hilo moja likazaa balaa. Obadiah aliposikia wageni, akili yake iliwakimbilia wakubwa wanaoshuka kwenye magari kuja kukagua. Ajiambo naye alielewa vivyo hivyo. Basi wakubwa wakija, mablanketi yanatandikwa. Wakubwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wanaondoka, nayo yanarudishwa stoo.

"Nimemfunua mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kupata joto," anasema Ajiambo. "Niliambiwa ni ya wageni, nikakunja. Mikono yangu hii."

Mwezi wa tano, Wamalwa, mkata katani mwingine, alifia kwenye kitanda cha dirishani akiwa amejifunika gunia la katani. Inatia hasira hata kuandika. Mtu amekata katani ujana wake wote, anakufa chini ya gunia la katani, na blanketi alilonunuliwa liko stoo, limepigwa pasi, linangoja mheshimiwa asiyeumwa hata jino!

Kosa lilifichuka sokoni. Priscilla, akimpimia Ajiambo viazi, alimwita "mgeni wetu" kama kawaida yake, kisha akamuuliza kama wageni wenzake wanalala vizuri siku hizi. Ajiambo akauliza wageni gani.

"Si nyinyi?" Priscilla akamjibu. "Nyinyi mliotoka mbali, hamna mama huku. Kwani mgeni ni nani mwingine?"

Ajiambo aliviacha viazi kwenye mizani, akamweleza mablanketi yaliko. Alasiri hiyo hiyo akina mama wanne walifika hospitalini. Obadiah akawaomba wasubiri daktari arudi. Priscilla akaketi kwenye kizingiti cha stoo, akasema atasubiri, lakini mlango usubiri ukiwa wazi. Karani akatoa ufunguo.

Obadiah anajitetea kwamba alitaka hospitali ionekane ina heshima. Heshima gani ya kuvalishwa na kuvuliwa? Hata baada ya kuelezwa, alitaka mablanketi mawili yabaki akiba. Akina mama walikataa katakata.

Tangu siku hiyo wodi imebadilika. Wagonjwa wanalala. Aliyelala anaamka na njaa, na anayekula anapona, jambo ambalo nesi wa zamu anasema halihitaji darubini. Khaemba mwenyewe sasa anatembea hadi uani bila kushikwa.

Akina mama wa Ronge wameanza kuchanga tena. Obadiah amependekeza mashuka, pamoja na sherehe ya kuyapokea. Lakini safari hii Priscilla alimwuliza Ajiambo kwanza, na Ajiambo akaomba maziwa, yaletwe kutoka Mraru, kijiji cha jirani, kila asubuhi.

Kwa nini maziwa, wakati hata mashuka hakuna?

"Maziwa hayawekeki stoo," anasema. "Yakimngoja mkubwa, yanaganda."